Vifo vya njaa na umaskini: nani anawajibika, na inathibitishwaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia zilizofiwa, viongozi wa jamii, wahudumu wa afya, waandishi wa habari na mawakili. Kesi nyingi za vifo vya njaa hupotea ndani ya wiki ya kwanza, kabla hazijamfikia wakili: cheti kimeshaandikwa "malaria", leja ya ghala imesharekebishwa, na jirani aliyeona kila kitu ameshahama kutafuta kibarua. Kwa hiyo tumekaa zaidi kwenye ushahidi kuliko kwenye vifungu vya sheria.

Marehemu aliumwa malaria au kuharisha. Tunawezaje kusema amekufa kwa njaa?

Ni wachache wanaokufa kwa njaa tupu. Mwili usiopata chakula humaliza akiba ya sukari ya ini kwa takriban siku moja, kisha hula mafuta yake, halafu misuli, ukiwemo moyo. Kinga hushuka mapema sana kabla ya hapo. Ugonjwa ambao mtu aliyeshiba angeuguza siku tatu na kupona humuua mtu aliyedhoofika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka 5 vinahusiana na utapiamlo, ingawa vyeti vyao husema nimonia, kuharisha au surua.

Swali la kuuliza ni hili: je, mtu huyu angekufa kwa ugonjwa huo kama angekuwa amekula vya kutosha wiki zilizotangulia? Kama jibu ni hapana, ugonjwa ndio uliomaliza kazi, na njaa ndiyo iliyomfikisha hapo. Mwezi wa 9 mwaka 2017 msichana wa miaka 11 alifariki wilayani Simdega, jimbo la Jharkhand, India. Familia ilisema hakukuwa na chakula nyumbani kwa sababu kadi yao ya mgao wa chakula wa serikali ilikuwa imefutwa, haikuunganishwa na namba ya utambulisho ya Aadhaar. Maofisa walijibu kwamba alikufa kwa malaria. Hata kama malaria ingethibitishwa, swali la kadi lingebaki palepale: nani aliifuta, kwa amri ipi, na familia iliarifiwa lini?

Maofisa wanasema tumboni kulikutwa chakula, au nyumbani kulikuwa na nafaka. Hilo linafuta madai?

Halifuti. Tumbo huwa tupu au hujaa kwa saa chache. Njaa inayoua huchukua wiki au miezi. Jirani aliyemlisha uji siku ya mwisho alifanya utu, na uji huo haurudishi misuli iliyokwisha liwa. Kuna hata watu wanaokufa baada ya kuanza kula: mwili uliodhoofika ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama.

Kuhusu nafaka iliyokutwa ndani, pima, usibishane. Mtu mmoja kwa wastani anahitaji takriban kilokalori 2,100 kwa siku, kiwango kinachotumika kupangia misaada ya dharura. Kilo moja ya nafaka kavu hutoa karibu kilokalori 3,500. Nyumba ya watu 6 iliyokutwa na kilo 4 ina kilokalori 14,000 dhidi ya mahitaji ya 12,600 kwa siku. Hicho ni chakula cha siku moja na kidogo. Andika hesabu hiyo kwenye taarifa yako. Ina nguvu kuliko kivumishi chochote.

Daktari au mganga wa zamu aandike nini kwenye hati ya chanzo cha kifo?

Hati ya kimataifa ina sehemu mbili. Sehemu ya I hupanga mlolongo kutoka juu kwenda chini: mstari (a) ni hali iliyoua moja kwa moja, na kila mstari unaofuata ni kilichosababisha mstari ulio juu yake. Sehemu ya II ni ya hali zilizochangia tu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuweka utapiamlo kwenye Sehemu ya II, au kuuacha kabisa. Takwimu huchukua chanzo cha msingi, yaani kile cha chini kabisa kwenye Sehemu ya I, hivyo kilichoachwa nje hakihesabiwi.

Kwa mtoto aliyekufa kwa nimonia akiwa amekonda vibaya, mlolongo sahihi ni: (a) nimonia, (b) utapiamlo mkali, (c) ukosefu wa chakula. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na vyanzo vya vifo, utapiamlo uko kwenye misimbo E40 hadi E46, na ukosefu wa chakula ni X53. Kuandika "moyo kusimama" hakusemi lolote, maana moyo wa kila marehemu umesimama.

Mhudumu anayeshinikizwa kubadilisha asikatae kwa maneno matupu. Aandike vipimo kwenye faili la mgonjwa pamoja na saa na tarehe: uzito, urefu, mzingo wa mkono, uvimbe wa miguu. Chanzo kinaweza kubishaniwa. Uzito wa kilo 6 kwa mtoto wa miaka 3 haubishaniwi.

Tumeshazika na hakuna daktari aliyemwona. Tumechelewa?

Hapana. Kuna njia inayotambulika ya kuchunguza kifo kwa mahojiano, ambapo aliyemhudumia marehemu huulizwa kwa mpangilio dalili zote za wiki za mwisho. Fanya ndani ya mwezi mmoja ikiwezekana, kwa sababu kumbukumbu za tarehe huchanganyika haraka. Muhoji asiwe ofisa anayehusika na mgao.

Uliza kwanza kuhusu mwili: alianza kukonda lini, nguo zilimlegea, miguu ilivimba, nywele zilibadilika, aliacha kutembea siku gani. Halafu chakula: nyumba ilikula nini kila siku katika siku 7 za mwisho, milo mingapi, nani alikosa ili nani ale. Hapo watu huona aibu na hufupisha, kwa hiyo nenda siku kwa siku kurudi nyuma. Kisha ya kuishi: kazi ya mwisho ilipatikana lini, waliuza nini (mifugo, vyombo, mabati ya paa), walikopa kwa nani. Mwisho, mlango gani wa serikali walibisha, tarehe gani, na waliambiwa nini. Swali hili la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo linalogeuza msiba kuwa kesi ya uwajibikaji.

Pima pia walio hai nyumbani humo. Wamekula chungu kimoja na marehemu, kwa hiyo hali yao ni ushahidi. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono wa juu chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Kati ya 115 na chini ya 125 ni wa wastani. Uvimbe wa miguu yote miwili ni utapiamlo mkali bila kujali mkono unasoma nini. Kwa mtu mzima, gawanya uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 16 ni ukondefu mkali. Ukikuta mtoto wa chini ya 115, mpeleke kituo cha afya kwanza. Karatasi zitasubiri.

Saa 72 za kwanza tufanye nini?

1. Pimeni na mpige picha mwili kwa idhini ya familia, kukiwa na kitu cha kulinganishia ukubwa, tarehe ikionekana. Kama kuna uwezekano wa uchunguzi wa maiti, uombeni kwa maandishi kabla ya mazishi. Mwombeni mchunguzi aandike hali ya mafuta chini ya ngozi na kuzunguka moyo, uzito wa viungo, na kama kibofu cha nyongo kimejaa na utumbo umekuwa mwembamba.
2. Pigeni picha kila ukurasa wa kadi ya mgao, kadi ya kliniki, kitambulisho na stakabadhi. Msimpe ofisa nakala halisi, mpeni kivuli.
3. Pigeni picha ubao wa matangazo wa kituo cha mgao na orodha ya walengwa. Orodha hubadilishwa usiku mmoja.
4. Chukueni maelezo ya watu watatu wasio ndugu: jirani, mwenye duka aliyekuwa akikopesha, mwalimu wa mtoto.
5. Ripotini kifo kwa maandishi, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Bila muhuri, ofisi itasema haikujua.

Ni nani hasa anayewajibika?

Watu hukimbilia kumtaja mkuu wa nchi au karani wa mwisho. Wa kwanza hukwepa kwa umbali, wa pili hutolewa kafara. Fuata mnyororo, hatua kwa hatua, na kila hatua uliza mambo matatu: nani alikuwa na wajibu ulioandikwa, alijua lini, alikuwa na uwezo wa kufanya nini siku hiyo.

Chukua mgao uliokwama. Bajeti iliidhinishwa na wizara. Tarehe ya kutolewa fedha ipo. Ghala kuu lilitoa shehena. Hati ya kutoka ina namba ya gari na uzito. Ghala la wilaya lilipokea. Leja ina uzito wa kuingia. Kituo kiligawa, daftari lina saini au alama za dole gumba. Mahali uzito unapopungua au siku zinapoongezeka bila maelezo, hapo ndipo pa kuuliza. Magunia 400 yaliyotoka na 310 yaliyofika yana jina la mtu katikati. Alama za dole gumba zinazofanana mfululizo kwenye ukurasa mzima nazo zina jina.

Lakini si kila kifo kina mwizi. Mara nyingi mnyororo unaonyesha sheria iliyotungwa vibaya: kigezo kinachomtaka mjane alete cheti asichoweza kukipata, mfumo wa vidole usiosoma mikono iliyochakaa kwa kazi, au mlengwa anayefutwa kwa kukosa kikao kimoja. Hapo mwajibikaji ni aliyetia saini kanuni na aliyepokea malalamiko asiirekebishe. Kumfukuza karani katika hali hiyo ni kuwadanganya waliofiwa.

India ilitoa mfano wa kupandisha wajibu juu. Katika kesi iliyofunguliwa na People's Union for Civil Liberties mwaka 2001, Mahakama ya Juu iligeuza miradi ya chakula kuwa haki za kisheria kwa amri ya tarehe 28 Novemba 2001, ikateua makamishna wa kufuatilia, na Oktoba 2002 ikasema kwamba vifo vya njaa vikithibitishwa inaweza kuchukulia kuwa amri zake hazikutekelezwa, na makatibu wakuu wa majimbo wanaweza kuwajibishwa. Nguvu yake ni kwamba kulikuwa na cheo kimoja cha kuulizwa.

Serikali inasema ni ukame, na hazina ni tupu. Je, si kweli kwamba haiwezi?

Inawezekana ni kweli, lakini ni yenyewe inayopaswa kuthibitisha. Maoni ya Jumla Namba 12 ya mwaka 1999, yaliyotolewa na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, yanatenganisha kutoweza na kutotaka. Dola linalodai halina uwezo lionyeshe lilitumia kila rasilimali iliyokuwepo, likatanguliza walio hatarini, na likaomba msaada wa kimataifa bila mafanikio. Kwa hiyo ombeni tarehe ya barua ya kuomba msaada. Ombeni pia matumizi ya robo hiyo ya mwaka kwa safari, magari na sherehe, kisha muyaweke sambamba na gharama ya mgao uliokosekana.

Ukame hupunguza mavuno. Kinachoamua kama watu watakufa ni akiba, barabara, bei, ajira na uamuzi. Malawi iliingia katika njaa ya 2002 akiba yake ya taifa ya nafaka ikiwa imeuzwa karibu yote, jambo lililochunguzwa na Ofisi ya Kupambana na Rushwa ya nchi hiyo.

Njaa haijatangazwa rasmi. Tunaweza kudai?

Mnaweza, na msikubali kurudishwa kwa hoja hiyo. Kipimo cha kimataifa cha IPC huita eneo lina njaa kamili pale angalau asilimia 20 ya kaya zina ukosefu uliokithiri wa chakula, angalau asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali au wa wastani unaoonekana kwa kukonda, na watu 2 kati ya 10,000 wanakufa kila siku. Katika eneo la watu 50,000, hiyo ni vifo 10 kwa siku, karibu 300 kwa mwezi. Wajibu wa kisheria hauanzi hapo. Huanza kwa mtu mmoja.

Somalia, tangazo lilitolewa Julai 2011 baada ya tahadhari za miezi mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria vifo takriban 258,000 kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na karibu nusu yao walikuwa wameshakufa kabla ya neno lenyewe kutamkwa. Bengal mwaka 1943 ni mfano mchungu zaidi: kulikuwa na kanuni za njaa zilizowalazimu watawala kuanza kutoa misaada pindi njaa inapotangazwa, na serikali ya jimbo haikuitangaza. Watu milioni 1.5 walikufa kwa hesabu ya tume rasmi, na makadirio mengine hufika milioni 3.

Mnaweza kukokotoa kiwango cha vifo cha eneo lenu wenyewe. Gawanya idadi ya vifo kwa idadi ya watu, gawanya tena kwa siku, kisha zidisha kwa 10,000. Vifo 36 katika watu 3,000 kwa siku 90 ni 1.33. Kiwango cha 1 kinachukuliwa kuwa dharura. Hesabu vifo vyote, si vile mnavyovishuku tu. Mkichagua, hesabu nzima itatupwa.

Sheria gani tunaweza kuzitaja?

Anzeni na katiba. Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Afrika Kusini iko kifungu cha 27, na kifungu cha 28 kwa lishe ya watoto. Katiba isipotaja chakula, tumieni haki ya kuishi. Ndivyo ilivyofanyika India.

Kimataifa, kuna Ibara ya 11 ya Mkataba wa 1966 wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni. Itifaki yake ya hiari, inayotumika tangu 2013, inaruhusu malalamiko dhidi ya nchi zilizoiridhia, ndani ya mwaka mmoja baada ya njia za ndani kuisha. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hautaji chakula, lakini Tume ya Afrika iliamua mwaka 2001, katika shauri la Waogoni dhidi ya Nigeria, kwamba haki hiyo imo ndani ya haki za uhai, afya na maendeleo.

Ofisa anaweza kufungwa?

Kwa wizi wa chakula, kughushi daftari au kukaidi amri ya mahakama, ndiyo, na hizo ndizo njia fupi. Kwa kuua kwa uzembe ni vigumu: lazima uonyeshe bila shaka kwamba kutotenda kwa mtu yule kulimuua mtu huyu, na utetezi utamwaga sababu kumi nyingine. Ushauri wetu ni kuendesha njia mbili kwa wakati mmoja: jinai kwa karatasi zilizoghushiwa, na shauri la kikatiba kwa kifo. Shauri la kikatiba linadai dola lijibu kama dola, na kiwango cha uthibitisho ni chepesi zaidi.

Na njaa ya vitani?

Kuwanyima raia chakula kama silaha ni uhalifu wa kivita chini ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Marekebisho ya 2019 yaliongeza vita vya ndani ya nchi, kwa nchi zilizoyaridhia. Azimio 2417 la Baraza la Usalama la Mei 2018 linalaani vitendo hivyo. Hapa ushahidi ni wa makusudi: amri za kuzuia malori, visima vilivyoharibiwa na maghala yaliyochomwa, tarehe za vibali vilivyokataliwa.

Hili hutokea nchi tajiri?

Hutokea. Juni 2018, mwanamume wa miaka 57 alikutwa amekufa nyumbani kwake Nottingham, Uingereza, akiwa na uzito wa chini ya kilo 30, miezi kadhaa baada ya malipo yake ya ustawi kusimamishwa. Huko, mchunguzi wa vifo ana uwezo wa kutoa ripoti ya kuzuia vifo vya baadaye, na idara inayoandikiwa lazima ijibu ndani ya siku 56. Nchi isiyo na utaratibu kama huo ina sababu ya kuuiga.

Tunaombaje kumbukumbu?

Omba kwa jina la hati, si "taarifa zote". Andika: "leja ya ghala fulani, tarehe 1 hadi 30, orodha ya walengwa waliofutwa na sababu, rejesta ya malalamiko." Sheria za Kenya (2016) na India (2005) zinataka jibu ndani ya saa 48 pale ombi linapohusu uhai au uhuru wa mtu, vinginevyo ni siku 21 na siku 30. Taja uhai kwenye mstari wa kwanza, na ueleze ni uhai wa nani: watoto waliobaki nyumbani humo.

Tudai nini mahakamani?

Fidia, ndiyo, lakini isiwe peke yake. Pesa ikishalipwa, faili hufungwa na jirani anabaki na kadi iliyofutwa. Dai chakula kwa waliobaki ndani ya siku zilizotajwa, kurejeshwa kwa wote waliofutwa kwa kigezo kilekile, kuchapishwa kwa orodha na leja kila mwezi, na ofisa mwenye cheo atakayeripoti mahakamani. Colombia, uamuzi T-302 wa 2017 kuhusu watoto wa jamii asilia ya Wayuu wa La Guajira uliitangaza hali nzima kuwa kinyume cha katiba na kuagiza hatua za maji, chakula na afya. Amri kama hiyo isiyo na tarehe wala mfuatiliaji hukaa miaka bila kutekelezwa.

Si lazima kusubiri kifo. Mwaka 2013 mahakama ya watoto ya Zacapa, Guatemala, iliamua kuwa dola lilikiuka haki ya chakula ya watoto wenye utapiamlo wa Camotán.

Makosa gani huangusha kesi?

Kukuza idadi ya vifo. Kimoja kikionekana si kweli, vyote vinashukiwa. Kuandika maelezo ya mashahidi wote kwa maneno yaleyale. Kumwacha mjane asaini karatasi asiyoisoma, mara nyingi ile inayoletwa na gunia la chakula siku ya mazishi na kusema "mgonjwa alikuwa na maradhi ya muda mrefu". Mwambieni apokee chakula, asisaini. Na kama ameshasaini, aapishwe haraka hati ya kiapo inayoeleza alisaini lini, mbele ya nani, na kama alisomewa.

Familia inaogopa kunyimwa mgao ikisema.

Hofu hiyo ina msingi. Kabla ya kutangaza lolote, ipatie chanzo cha chakula kisichopitia mikononi mwa ofisa anayelalamikiwa, angalau cha miezi mitatu. Tumia herufi badala ya majina kwenye taarifa za umma, hifadhi nakala za hati sehemu tatu tofauti, na andika kila tishio siku hiyohiyo. Mkiomba amri ya muda mahakamani, kifungu cha kwanza kiwe kuzuia kuondolewa kwa familia na mashahidi kwenye orodha ya walengwa hadi shauri liishe. Familia ikisema haitaki kuendelea, simamisheni kesi yake. Kumbukumbu zake zihifadhiwe, kwa sababu huenda ikabadili mawazo baada ya mavuno.